Kufundisha Chaji ya Umeme Kabla ya Mvua: Hoja kwa Walimu wa Ufipa

Lugha yetu ya Kiswahili imetutangulia katika jambo moja la fizikia. Neno "umeme" ni jina la ule mmweko unaopasua wingu wakati wa mvua, na ni jina pia la kile kipitacho katika waya na kuwasha taa. Huko Ulaya watu walihitaji majaribio ya hatari ili kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mwezi Mei 1752, kwa kufuata ushauri alioutoa Benjamin Franklin wa Marekani, watu wa Marly-la-Ville katika Ufaransa walisimamisha nondo ndefu ya chuma wakapata cheche kutoka katika wingu la ngurumo. Mwaka uliofuata, mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi huko Saint Petersburg alipokuwa akishughulikia jaribio la namna hiyo. Mtoto wa Kitanzania huupokea ukweli huo bila gharama, ndani ya neno analolitumia kila siku. La ajabu ni kwamba afikapo darasani, aghalabu sisi walimu huyatenganisha tena yaliyokwisha unganishwa: umeme wa betri na balbu huingizwa katika somo la sayansi, na umeme wa wingu huachwa nje ya mlango, ukaelezwa na wengine.

Katika makala haya tunakusudia kutetea rai moja. Katika shule za msingi za Ufipa, mafunzo ya chaji, uga na potenshali hayana budi kuanzia kwenye radi na kurejea kwenye radi. Yafundishwe wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijanyesha. Na yafundishwe kwa sababu na majaribio, wala si kwa orodha ya makatazo. Tunawaandikia hasa ninyi wanachuo, ambao karibuni mtakabidhiwa madarasa.

Mahali tunapofundishia

Mwalimu mwema huanza kwa kuitazama ardhi anayosimama juu yake. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki uwanda hukatika ghafla katika ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ukashuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko takriban mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi na mashamba ya mahindi, ulezi, maharage na alizeti, na miti mirefu ni michache. Mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, nazo huja na ngurumo nyingi. Katika nchi iliyo wazi namna hiyo, mchungaji aliyesimama kati ya ng'ombe wake, au mkulima aliyeweka jembe begani, aweza kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote mahali hapo.

Tena, hakuna asiyejua sifa ya Sumbawanga nchini Tanzania. Jina lenyewe wengi hulifasiri kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Mtu atokaye huku, akienda Dar es Salaam au Mwanza, hutaniwa juu ya radi kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Utani huo wauchukulia uchawi kwa wepesi, lakini jambo lililo chini yake ni zito. Radi ikiua mtu, huacha maiti mmoja. Neno la kwamba "radi hii imetumwa" laweza kuongeza wa pili. Nchi yetu imeshuhudia wazee, hasa akina mama, wakifukuzwa makwao na hata kuuawa kwa sababu tu ya kushukiwa. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa Ufipa anayo kazi ya kuzuia vifo vya namna mbili: kile kitokacho winguni, na kile kitokacho katika vinywa vya watu.

Wala asidhani mtu kwamba jengo la shule ni ngome. Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18. Hapa kwetu, mwezi Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, walipoteza maisha kwa radi. Jambo hili linahusu moja kwa moja watoto watakaokabidhiwa kwenu.

Kanuni bila sababu ni mwiko

Yupo atakayesema: "Kama shabaha ni usalama, basi na tuwape watoto kanuni. Tuwaambie wasisimame chini ya mti, wasicheze mpira wakati wa ngurumo, yatosha." Rai hiyo yaonekana kuwa ya busara, lakini tunaipinga.

Mtoto wa Ufipa hakosi makatazo juu ya radi. Amekwisha ambiwa nyumbani asivae nguo nyekundu wakati wa mvua, na kioo kifunikwe. Mwalimu akija naye na katazo lake, "usisimame chini ya mti", bila kutoa sababu, ameongeza mwiko mmoja juu ya miiko iliyokuwapo. Mtoto hana njia ya kupambanua upi wa kushika na upi wa kuacha. Atashika ule uliosemwa na mtu anayemwogopa zaidi. Hatari nyingine ni kwamba mwiko haumsaidii mtu katika hali mpya. Aliyekariri "usisimame chini ya mti" atakimbilia chini ya mlingoti wa bendera, kwa kuwa mlingoti haukutajwa.

Lakini mtoto aliyeelewa kwamba chaji hupita kwa urahisi katika baadhi ya vitu na kwa shida katika vingine, na kwamba uga wa umeme huzidi nguvu penye ncha iliyoinuka, aweza kuzipima kanuni zote mwenyewe. Atatambua kuwa mlingoti ni sawa na mti. Atatambua pia kwamba rangi ya kitambaa haibadilishi chochote, kwani nguo nyekundu na nguo nyeupe za pamba moja, zikiwa kavu au zikiwa zimelowa, huupitisha umeme sawasawa. Kujua sababu humwezesha mtoto kujiongoza pale ambapo mwalimu hayupo, na radi haingoji mwalimu awepo.

Chaji: tuanze kwa mikono, na tuanze kiangazi

Walimu wengi wamekwisha onja aibu ya jaribio lililokataa. Mwalimu asugua rula ya plastiki kwenye nywele, aikaribisha kwenye vipande vya karatasi, na vipande havitikisiki. Darasa lacheka, mwalimu asema, "Lakini kwa kawaida vingevutwa." Hapo mtoto amejifunza somo baya kuliko yote, yaani kwamba sayansi ni kuamini maneno ya mwalimu hata macho yakikataa.

Mara nyingi kosa si la rula wala la mwalimu. Ni la tarehe. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu, na utando mwembamba wa maji hutanda juu ya rula na kuipeleka chaji mbali mara ipatikanapo. Kiangazi, hasa miezi ya Julai na Agosti, hewa ya Ufipa ni kavu na asubuhi zake ni za baridi. Ndiyo majira ambayo kila mwanafunzi huja na sweta. Mtoto akilivua sweta lake gizani husikia mlio mdogo wa kukatika-katika na huenda akaona vimulimuli. Hicho ni kiradi chake mwenyewe, naye amekitengeneza bila mganga wala hirizi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwalimu anapoandika azimio la kazi, auweke umeme tuli mwanzoni mwa muhula wa pili. Faida ni mbili: majaribio yatakubali, na mafunzo yatakuwa yamekwisha tulia vichwani mwa watoto mvua za Novemba zitakapowadia.

Vifaa havihitaji fedha. Chukua bua kavu la mahindi, ulimenye, utoe ile sehemu nyeupe laini ya ndani. Chonga kitufe kidogo kama punje ya mbaazi, ukitundike kwa uzi mwembamba wa nailoni. Sugua rula kwa sweta kavu na uikaribishe. Kitufe kitavutwa, kitaigusa rula, kisha ghafla kitaruka na kuikimbia. Hapo usiseme neno. Waulize watoto: kwa nini kitufe kile kile kilipenda kwanza na kuchukia baadaye? Waache wabishane. Kutokana na ubishi huo litazaliwa wazo kwamba kitufe kimepewa kitu na rula, na kwamba vitu vyenye kitu cha aina moja husukumana. Mfaransa Charles du Fay alipambanua aina mbili za chaji mwaka 1733 kwa kutazama mambo kama hayo hayo. Mtoto wa darasa la sita aweza kufika alikofika yeye.

Baada ya hapo ndipo majina yaje. Chaji hasi na chaji chanya ni majina yaliyotolewa na Franklin kabla ya mtu yeyote kuijua elektroni. J. J. Thomson alipoitambua elektroni mwaka 1897, chaji yake ikawa ni ile iliyokwisha itwa hasi. Mtoto asidhani basi kwamba "hasi" maana yake ni upungufu. Kitu kilichopata elektroni nyingi huwa hasi, na kilichopoteza elektroni huwa chanya. Zaidi ya yote afahamu kwamba msuguano haukuumba chaji yoyote. Kile ilichopata rula ndicho kilichopotea katika sweta. Chaji haizuki na haifi, huhama tu.

Katika siku hizi za simu za mkononi upo mtego wa lugha ambao mwalimu hana budi kuutegua. Watoto husema "simu imekwisha chaji", wakadhani kwamba betri ni debe la chaji linalomiminwa hadi likauka. Sivyo. Kiasi cha chaji kitokacho upande mmoja wa betri huingia kwa upande wa pili. Kilichopungua ni nishati. Hatuwakatazi watoto kuisema lugha ya mtaani, bali tunawaonyesha kwamba neno moja lina maana moja sokoni na nyingine katika sayansi.

Wakishika hayo, wapandishe hadi wingu. Wingu la ngurumo ni refu sana. Kilele chake hufika mahali pa baridi kali, ambapo maji huwa barafu. Upepo upandao ndani yake hugonganisha chembe ndogo za barafu na vitonge vizito zaidi vya barafu laini. Katika kugongana, chaji huhama kutoka chembe moja kwenda nyingine. Chembe nyepesi hupeperushwa juu zikiwa na chaji chanya. Vile vizito hubaki katika sehemu ya kati na ya chini vikiwa na chaji hasi. Katika sweta na rula, kama katika wingu, vitu viwili hugusana, huachana, na kila kimoja huondoka na chaji yake. Hapa mtoto ameunganisha begani kwake na mbinguni, nasi hatukumwomba aamini lolote asiloliona mfano wake.

Uga: kiwanja kisichoonekana

Neno "uga", kama tujuavyo, ni kiwanja kilicho wazi mbele ya nyumba. Wataalamu waliolichagua kuwa jina la eneo lizungukalo chaji walichagua vema. Uga wa umeme ni eneo ambalo chaji nyingine ikiingia husikia kani.

Ili kuuonyesha, shika tena kile kitufe, sasa kikiwa na chaji, na ukizungushe polepole mbali na karibu na rula. Kila mahali tazama uzi umeinama kiasi gani, na waache watoto wachore mishale ubaoni: mirefu palipo na kani kubwa, mifupi palipo na kani ndogo. Mchoro huo ndio ramani ya uga. Wataona kwamba kani hupungua upesi kadiri ya umbali. Charles Coulomb alipima mwaka 1785 kwamba kwa chaji mbili ndogo, umbali ukizidishwa mara mbili kani hubaki robo. Hatuna haja ya kumlazimisha mtoto kukariri mlinganyo huo. Yatosha aone kwamba upo utaratibu.

Kisha mwambie jambo la ncha. Chaji iliyo juu ya kitu kipitishacho umeme hujikusanya zaidi penye ncha, na uga mahali hapo huwa mkali. Hewa ya kawaida ni kihami, lakini uvumilivu wake una mpaka: uga ukifikia takriban volti milioni tatu kwa kila mita, hewa hupasuka na kuwa njia. Basi wingu lenye chaji hasi likipita juu ya uwanda, huzisukuma elektroni za ardhini ziende mbali, na ardhi iliyo chini yake hubaki na chaji chanya. Mti wa pekee, paa juu ya kilima, mlingoti, mchungaji aliyesimama wima, vyote ni ncha katika uga ule. Radi haimjui mtu. Yatafuta njia kutoka penye chaji nyingi kwenda penye uhitaji, nayo ncha ndiyo iliyoitikia.

Potenshali: kimo cha umeme

Wanachuo wengi huiogopa potenshali kuliko mambo yote ya umeme. Sisi tunaona kwamba hakuna mahali penye mfano mzuri wa potenshali kuliko Ufipa.

Chukua kilo moja ya maji kutoka Sumbawanga hadi Ziwa Rukwa. Imeshuka takriban mita 1,000. Kwa kuwa uzito wa kilo moja ni karibu nyutoni 10, maji hayo yameachia joule 10,000 za nishati. Kilo nyingine ikishuka itaachia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo tofauti ya kimo yatueleza nishati kwa kila kilo, bila kujali maji ni ndoo moja au mto mzima. Potenshali ya umeme ni vivyo hivyo: tofauti ya potenshali kati ya mahali pawili yatueleza nishati kwa kila kizio cha chaji. Volti moja ni joule moja kwa kila kulombu. Betri ya volti 1.5 hutoa joule moja na nusu kwa kila kulombu ipitayo. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hutoa joule 230.

Mfano huo huondoa pia utata mwingine. Cheche ya sweta yaweza kuwa na volti elfu kadhaa, na bado haimdhuru mtoto. Kwa nini? Kwa sababu chaji yake ni ndogo mno. Ni tone moja lililoanguka kutoka juu ya Maporomoko ya Kalambo, ambayo kimo chake ni zaidi ya mita 200. Kimo ni kikubwa, lakini tone halimwui mtu. Radi ni mto mzima uliomwagika kwa mara moja.

Sasa tufike kwenye swali ambalo watoto wa wafugaji wataliuliza bila kushawishiwa: kwa nini radi ikipiga karibu na zizi, ng'ombe hufa wengi na mchungaji huweza kupona? Vijijini jibu hutafutwa katika ugomvi wa majirani. Jibu la kweli ni potenshali.

Radi ikiingia ardhini, mkondo hutawanyika pande zote, na potenshali ya ardhi huwa kubwa karibu na mahali ilipopiga, ikashuka kadiri ya umbali, kama mteremko wa kilima. Mtu aliyetanguliza mguu mmoja amesimama juu ya vimo viwili. Tuchukue mfano wa hesabu: mkondo wa ampea 30,000, kiasi cha kawaida kwa radi, na udongo wenye ukinzani wa ohmu-mita 100. Umbali wa mita 10 kutoka palipopigwa, hatua ya nusu mita huwa na tofauti ya volti 2,300 hivi kati ya mguu na mguu. Ng'ombe aliyeelekea huko, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mita moja na nusu, ana volti 6,200 hivi. Na mkondo ukitoka miguu ya mbele kwenda ya nyuma hupita mahali ulipo moyo. Mtu aliyeibana miguu yake pamoja, nafasi ya sentimita 10 tu, ana chini ya volti 500. Hakuna jirani aliyemchagua ng'ombe. Ni urefu wa mwili wake juu ya mteremko wa potenshali.

Hesabu hiyo ni ya mwalimu. Mtoto wa shule ya msingi atosheke na mchoro wa kilima, mtu na ng'ombe. Lakini mwalimu asiyeijua hesabu hatauchora mchoro kwa uhakika. Na aongeze onyo: kubana miguu ni jambo la mwisho la mtu aliyekosa kimbilio. Si badala ya kuingia katika jengo imara au ndani ya gari lililofungwa, ambalo humlinda mtu kwa sababu bati lake huuzungusha mkondo nje yake, wala si kwa sababu ya mipira ya magurudumu.

Swali la "nani ameituma?"

Siku moja mwanafunzi atanyosha mkono na kusema kwamba radi iliyopiga kwa fulani ilitumwa. Mwalimu afanyeje? Akimcheka, amemnyamazisha yeye na darasa zima. Watarudi nyumbani na imani ile ile, pamoja na chuki juu ya shule. Akikubaliana naye, ameisaliti kazi yake. Tunashauri njia ya tatu: alichukue neno la mtoto kama ushahidi wa kupimwa.

Mathalani, husemwa kwamba radi ya kutumwa hupiga hata mbingu zikiwa nyeupe. Usimwambie mtoto kwamba hilo ni uongo, kwani huenda wazee wake wameliona. Radi yaweza kutoka ubavuni mwa wingu na kusafiri zaidi ya kilometa 10 kabla ya kupiga ardhi. Mtu aliye uwandani aweza kuwa na jua kichwani, ilhali wingu la ngurumo liko upande wa bonde la Rukwa, nyuma ya ukingo wa Lyamba. Walichokiona wazee ni kweli. Maelezo ndiyo yaliyokosekana.

Husemwa pia: "Walikuwa wawili, kwa nini yeye na si mwenziwe?" Tueleze kwamba kabla ya mmweko mkuu, njia ya radi hushuka kwa hatua fupi fupi za mita kama 50, ikitoa matawi huku na huku, na hatua ya mwisho huamuliwa na mambo madogo: nani alikuwa mrefu zaidi, nani alikuwa karibu na uzio wa waya, nani alikuwa ametanguliza mguu. Sayansi haimfariji mfiwa kwa kumpa mtu wa kumlaumu. Humfariji kwa kumwondolea haja ya kulaumu.

Kwa ajili hiyo twapendekeza kila shule iwe na daftari la radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wanafunzi waandike tarehe na saa ya dhoruba, upande wa wingu, idadi ya sekunde kati ya mmweko na ngurumo, na kitu kilichopigwa: ni mti, nyumba, mfugo au ardhi tupu, kilikuwa kirefu au kifupi kuliko jirani zake, kilikuwa kilimani au bondeni. Majina ya watu yasiandikwe, wala uvumi wa nani anamshuku nani. Mwezi Mei daftari lisomwe darasani. Watoto watazame wenyewe kama radi ilifuata ugomvi wa watu au ilifuata vimo vya vitu. Twaamini kwamba ukurasa mmoja wa daftari hilo utafanya kazi kuliko hotuba kumi.

Mambo ya lazima kwa kila mwalimu

Wapo wasemao kwamba mafunzo haya ni mazito na yangojee sekondari. Tunawajibu kwamba radi haichagui kidato, na kwamba si kila mtoto tunayemfundisha atasoma fizikia mbele ya safari. Lakini wengi watakuwa wazazi, wachungaji na wajumbe wa serikali ya kijiji. Watakuwa ndio wa kuamua, siku ya msiba, kama kikongwe fulani ataachwa alale salama.

Pamoja na kufundisha, mwalimu ashike haya. Sauti husafiri kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Ngurumo ikisikika kabla ya kuhesabu 30 tangu mmweko, radi iko ndani ya kilometa 10, basi watoto waondoke uwanjani na shambani, waweke chini majembe. Wasitoke tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Darasani wakae mbali na kuta, madirisha na waya. Bati juu ya kuta za tofali pasipo waya mnene wa kuufikisha mkondo ardhini si kinga kamili. Kwa hiyo shule na kamati yake ziombe kufungiwa kinga ya radi na fundi anayejua kazi hiyo.

La mwisho ni hili, nalo latokana na somo lile lile la chaji. Watu wengi huogopa kumgusa aliyepigwa na radi, wakidhani umeme umo mwilini mwake, au wakimngoja mtaalamu wa jadi aje kwanza. Mwili wa mtu hauhifadhi chaji ya radi. Imekwisha pita na kuingia ardhini katika muda ulio mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kumgusa ni salama. Wengi wapigwao na radi wanaweza kupona, na anayekufa mara nyingi hufa kwa kusimama kwa moyo na pumzi. Hivyo mtu aliyezimia asipumue, mara moja abonyezwe kifua kwa nguvu na kwa mfululizo, apuliziwe pumzi, na apelekwe hospitali. Dakika zinazopotea kwa woga ndizo dakika za uhai wake.

Ndugu wanachuo, mtakapofika vituoni mwenu mtakuta madarasa yasiyo na maabara, na huenda yasiyo na umeme wa waya. Msivunjike moyo. Mabua ya mahindi yapo, masweta yapo, na kiangazi cha Ufipa ni maabara kavu ambayo shule nyingi za pwani hazina. Andikeni maazimio yenu ya kazi kwa kuyafuata majira ya nchi, ili wingu la kwanza la Novemba litakapotanda juu ya Lyamba, watoto wawe wamekwisha jua ni nini kilichomo ndani yake.